Maswali yenu kuhusu tezi dume

Swali: Nina miaka 58. Usiku naamka mara nne kukojoa, na mkojo unadondoka tu. Je, ni saratani?

Jibu: Mara nyingi si saratani. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu, na inapotanuka kwa sababu ya umri huubana, hata mtu akasimama chooni akisubiri, mkojo ukaanza na kukatika, na akirudi kitandani akahisi bado umebaki. Hata hivyo dalili peke yake hazitoshi kuondoa shaka, kwa hiyo nenda ukapimwe. Tafadhali pia, ukipata mafua mweleze mfamasia hali yako, kwani baadhi ya dawa za mafua huweza kuufunga mkojo kabisa.

Swali: PSA yangu imesoma 7 nami nimeambiwa kawaida haizidi 4. Sipati usingizi.

Jibu: PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, na huongezeka katika damu hata tezi ikiwa imetanuka tu, ina maambukizi, au ukiwa umewekewa mpira wa mkojo karibuni. Daktari atatibu maambukizi kama yapo, atarudia kipimo baada ya wiki kadhaa, na ikibidi atachukua vinyama kwa sindano, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyothibitisha saratani. Kama unatumia finasteride, dawa ya kupunguza tezi iliyotanuka, mwambie: ikitumika miezi sita hivi hushusha PSA kwa takriban nusu, na namba ndogo inaweza kuwadanganya nyote wawili.

Swali: Kipimo cha kidole ni lazima? Naona aibu.

Jibu: Aibu hiyo naielewa, lakini ni jambo la chini ya dakika moja: unalala ubavu, umekunja magoti, naye daktari aliyevaa glavu yenye jeli anapapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Akigusa kivimbe kigumu, atakuchunguza zaidi hata kama PSA yako ni ndogo.

Swali: Saratani ya baba imefika mifupani, na tumeshauriwa aondolewe korodani. Kwa nini?

Jibu: Poleni sana. Saratani hii hustawi kwa testosteroni, homoni ya kiume, ambayo sehemu kubwa hutoka kwenye korodani. Daktari mpasuaji Charles Huggins alilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Zipo pia sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu zenye lengo lilelile, ila gharama yake hujirudia, na dozi ikikosekana homoni hupanda tena. Maumivu ya mifupa hupunguzwa kwa mionzi, kama inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Nawasihi mzee aelezwe mwenyewe, faraghani, kisha achague. Na miguu yake ikilegea ghafla, msingoje kesho, kwani huenda uti wa mgongo umebanwa: mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.