Hela yangu, kampeni yangu: maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi

Maswali ya safari hii karibu yote yanamhusu mgombea mwenye uwezo anayejilipia kampeni mwenyewe. Tumeyafupisha na kuacha majina.

Mtu akitumia fedha zake, hajachukua za serikali wala za mfadhili. Sheria inamtafutia nini? (Mnunuzi wa korosho, Tandahimba)

Inamfuata kwenye matumizi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 haikumkataza mgombea kutoa mfukoni mwake, ila ilimpa waziri kazi ya kutangaza, kwenye Gazeti la Serikali, kiwango cha juu ambacho mgombea anaweza kutumia. Kiwango hicho huangalia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu, aina ya mgombea na hali ya miundombinu ya mawasiliano. Kwa hiyo Liwale, yenye vijiji vilivyotawanyika, haipimwi sawa na Mtwara Mjini. Ndani ya jimbo moja, lakini, mwenye maghala matatu na mwenye kuchangiwa na ndugu zake wana ukomo uleule.

Jambo la pili ni kutaja fedha mapema. Mgombea hukieleza chama chake fedha alizonazo na anazotarajia kupata kwa ajili ya uchaguzi, kisha chama kinawajibika kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwa Katiba yetu hakuna mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama. Tajiri anayesema "hesabu zangu hazimhusu mtu" anasahau kwamba zitapita kwa mhasibu wa chama chake, apende asipende.

Magari ni yangu, kituo cha mafuta ni changu, vipaza sauti ni vya ukumbi wangu. Sijalipa hata senti. Niandike nini? (Kada, Masasi)

Hapa ndipo matajiri wengi wanapojikwaa, na mara nyingi si kwa nia mbaya. Kitu ambacho hukukilipia bado kina thamani, na kikitumika kwenye kampeni ni gharama. Kiandike kwa bei ambayo mtu baki angelipa hapohapo mjini.

Chukua mfano. Kampeni za 2025 Tanzania Bara zilianza 28 Agosti na kumalizika 28 Oktoba, yaani siku 62. Tuseme una Land Cruiser mbili, na kukodi moja ni shilingi 200,000 kwa siku. Hizo ni 24,800,000. Tuseme kila gari linakunywa lita 40 kwa siku, kwa shilingi 3,000 lita: 14,880,000. Umeshafika 39,680,000 na hujachapa bango hata moja. Bei zako zitakuwa tofauti, lakini umeona jinsi "sijalipa hata senti" inavyogeuka kuwa karibu milioni 40.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake. Ukitaka kutumia fedha yako, ihamishie kwanza humo, kisha lipa kutoka humo. Hata mafuta ya kituo chako, akaunti ya kampeni iyanunue na ikatiwe risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) kama mteja mwingine. Kila gari liwe na daftari lake: tarehe, dereva, kilomita za kuondoka na kurudi, lita zilizowekwa. Vipaza sauti, jenereta, viti na maturubai viandikwe siku vilipotoka na siku vilipotumika. Kazi hii mpe mtu mmoja ambaye si dereva wala mpiga debe, na asiwe shemeji ambaye hawezi kukukatalia.

Kosa la kawaida ni kuzipitisha gharama za kampeni kwenye vitabu vya kampuni kama "matangazo" au "usafiri". Hapo umeharibu mara mbili: gharama kwenye taarifa ya uchaguzi zinapungua kwa uongo, na gharama kwenye hesabu za kodi zinaongezeka kwa uongo, kwa sababu kodi ya mapato inaruhusu kutoa gharama zilizozalisha kipato cha biashara tu. Kutafuta ubunge si biashara. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa vyovyote.

Kuna bwana anagawa mifuko ya salfa kwa wakulima, anasema ni msaada tu, muda wa kampeni haujafika. Ni halali? (Mwalimu, Newala)

Mwalimu, umegusa penyewe. Salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, inahitajika mikorosho inapochanua, katikati ya mwaka. Fedha za minada zinaingia baadaye, kuanzia Oktoba kwenda mbele. Katikati hapo mkulima ana mahitaji mengi na mfuko mtupu, na ndicho kipindi cha kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, na uteuzi. Wanunuzi wa kangomba, wanaonunua korosho kinyemela nje ya minada, wanakijua vizuri kipindi hicho. Na wagombea nao.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani kukirimu watu kwa nia njema. Mashirika matatu ya haki yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikafutwa kwa kuwa vinakiuka Katiba. Hoja ilikuwa nyepesi kuelewa: asiye na kitu cha kukirimu anaanza mbio akiwa nyuma, na mpiga kura aliyekirimiwa hachagui kwa uhuru. Sheria ya 2010 ikaja kukaza zaidi, na ikavuta ndani yake hata mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Kutoa, kukopesha au kuahidi kitu cha thamani ili mtu apige kura au asipige ni kosa, awe anayetoa ni mgombea mwenyewe au mtu aliyemtuma.

Neno "msaada" halimwokoi. Kinachotafutwa ni nia, na ugumu ni kuithibitisha. Mifuko iliyopita chama cha msingi cha ushirika, ikasainiwa kwenye orodha kama pembejeo nyingine, bila jina la mtu, ni kesi moja. Mifuko iliyoshushwa usiku kwa balozi, kila mmoja ukiambatana na namba ya kadi ya chama au ya mpiga kura, ni kesi nyingine kabisa.

Ukitaka kuripoti, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure 113, na wana ofisi wilayani. Usipeleke "watu wanasema". Peleka tarehe, mahali, aina na idadi ya vitu, namba ya gari, maneno yaliyotamkwa wakati wa kugawa, na watu wawili walioona kwa macho. Picha isaidie, isiwe ndiyo ushahidi pekee. Picha ya mfuko wa salfa haisemi umetoka kwa nani.

Kwa maoni yetu, fedha mbaya zaidi haiko kwenye mikutano ya hadhara. Iko kwenye kura za maoni, ambako wapiga kura ni wachache, wanajulikana kwa majina, na ni rahisi kuwapitia mlango kwa mlango. Pale ambapo chama kimoja kina nguvu, aliyepita hapo anakuwa ameshamaliza kazi kubwa kabla mwananchi wa kawaida hajaona karatasi ya kura.

Mume wangu anataka kuuza shamba la mikorosho agombee udiwani. Hataki kuchangiwa na mtu, anasema atakuwa mtumwa wao. Nimshauri vipi? (Mama wa watoto watatu, Nachingwea)

Dada yetu, hofu yake ina msingi, dawa ndiyo haifai. Kabla ya bei ya shamba, mkae muandike gharama. Fomu na dhamana si mzigo: uchaguzi wa 2020 dhamana ya udiwani ilikuwa 5,000 na ya ubunge 50,000. Kata moja mtu anaweza kuizunguka kwa pikipiki. Kinachosahaulika ni mawakala. Kata yenye vituo 15, wakala mmoja kila kituo, chakula na posho tuseme 30,000, ni 450,000 siku ya kura peke yake, na majina yao yapelekwe mapema ili waapishwe. Mgombea aliyemaliza hela kwenye ubwabwa wa wiki ya kwanza ndiye anayekosa mtu kituoni siku ya kuhesabu.

Hesabu hiyo ikikamilika mtaona kwamba shamba zima halihitajiki, labda kama kuna mtu kamwambia kura zinanunuliwa. Michango midogo ya watu wengi haimfungi kwa mmoja. Sheria ya 2010 ilitaka chama kitoe taarifa ya mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu, au milioni 2 kutoka kwa taasisi, kwa hiyo hata mchangiaji mkubwa anajulikana. Na nyumba mnayoishi, kama anaifikiria hiyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako.

Boti ya kwenda Songosongo haina risiti. Mama lishe hana risiti. Nifanyeje? (Mratibu wa kampeni, Kilwa)

Tengeneza hati ya malipo: tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina na namba ya simu ya aliyelipwa, saini au dole gumba, saini ya shahidi. Lipa kwa simu kila inapowezekana, na ujumbe wa muamala uuhifadhi kabla simu haijabadilishwa. Hati ziandikwe siku ileile. Zinazoandikwa Desemba kwa mkupuo huonekana: kalamu moja, mwandiko mmoja, kiasi kimekatwa sawasawa.

Huko kwa wenzetu matajiri wanazuiwa? (Mwanafunzi, Lindi)

Inategemea. Marekani hawazuiwi: Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1976 kwamba mgombea hawezi kuwekewa ukomo wa kutumia fedha zake. Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2020 kutafuta uteuzi wa chama cha Democratic, akayaruka majimbo manne ya mwanzo, na akaishia kushinda American Samoa tu. Meg Whitman alitoa zaidi ya dola milioni 140 kutaka ugavana wa California mwaka 2010, akashindwa. J.B. Pritzker naye alitoa zaidi ya milioni 170 huko Illinois mwaka 2018, akashinda. Brazil imechagua njia nyingine: tangu 2019 mgombea hawezi kutoa mfukoni zaidi ya asilimia 10 ya ukomo wa matumizi wa nafasi anayogombea. Hiyo tungependa ijadiliwe hapa. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013 na haijawahi kuitumia ipasavyo, kwa sababu wanaotakiwa kupitisha kanuni zake ndio watakaobanwa nazo.

Nilishindwa, na hela ilikuwa yangu. Bado natakiwa kupeleka taarifa? (Aliyegombea, Ruangwa)

Ndiyo. Sheria ya 2010 iliweka siku 60 baada ya uchaguzi kwa mgombea kukabidhi hesabu zake kwa chama, na siku 180 kwa chama kuzifikisha kwa Msajili. Haikutenganisha aliyeshinda na aliyeshindwa. Peleka nakala mbili ofisi ya chama ya wilaya, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Makatibu huhamishwa na makabati hupotea, na anayeulizwa baadaye ni mgombea.

Kama daftari halikuwahi kuwepo, anza na taarifa ya benki na miamala ya simu ya miezi ya kampeni. Kisha waite madereva na mchapishaji wa mabango mmoja mmoja, wakupe nakala za walivyolipwa. Pasipo na ushahidi, andika kiasi unachokikumbuka na useme wazi kuwa risiti haipo. Usitengeneze risiti.