Kabla hujapandisha kifurushi cha intaneti nyumbani, maliza kwanza ya ndani

Mimi kwetu ndio naitwa fundi wa waifai bila kusomea, shangazi akihamia nyumba mpya napigiwa simu, jirani video yake ikianza kuzungusha duara napigiwa simu, na karibu kote ninakoitwa hapa Dar nakuta stori ni ile ile, mtu analipia spidi nzuri tu ila haimfikii kwenye simu, inapotelea humo humo ndani. Halafu wazo la kwanza linakuwa kupandisha kifurushi. Jamani hela zenyewe hizi za kuunga unga! Ukitoka Mbps 20 (Mbps ndio kipimo cha spidi ya intaneti) ukaenda 50 na ruta bado imejificha nyuma ya TV, huko chumbani utaendelea kupata zile zile 4 ulizokuwa unapata.

Kwa hiyo cha kwanza ni kupima, na kupima kwenyewe kuna namna yake. Chukua laptopu, chomeka waya wa LAN, ule waya wa mtandao, moja kwa moja kwenye ruta, waombe wengine wasitumie kwa dakika chache, pima spidi. Halafu chomoa waya, pima kwa waifai ukiwa umesimama hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta, kisha nenda chumba cha mwisho kabisa upime tena. Kama kwa waya tu haifiki ile unayolipia, piga simu kampuni na uwaambie umepima kwa waya, mtaelewana haraka maana hilo ndio swali watakalokuuliza. Kama kwa waya iko vizuri na chumbani imekufa, basi tatizo ni la kwako na kampuni uwaache wapumzike. Na Mbps (megabiti kwa sekunde) sio MB (megabaiti), gawanya kwa 8, kifurushi cha Mbps 20 kinashusha kama MB 2.5 kwa sekunde, faili la GB 1 litakuchukua dakika 7 hivi na hapo hujaibiwa chochote.

Kuna siku chache kweli tatizo sio lako. 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, intaneti ikasuasua Tanzania na nchi kadhaa za huku Afrika Mashariki. Siku kama ile hata uzime na kuwasha ruta mpaka swichi ilegee ni kujichosha, unasubiri tu kama wenzako.

Sasa ruta inakaa wapi. Fundi wa faiba akija anatafuta njia fupi, waya unaingilia dirisha la sebuleni basi na kifaa kinafungwa hapo hapo, mama mwenye nyumba naye hapendi kuona mataa yanawakawaka anakisukuma nyuma ya TV ndani ya kabati, pembeni kuna kingamuzi na spika za Bluetooth. Hapo umeshaua nusu ya mawimbi kabla hata ya ukuta wa kwanza. Nyumba zetu nyingi zina korido katikati na vyumba huku na huku, ukuta wa tofali za sementi, na pale koridoni, juu, karibu na dari, ndio mahali pa ruta. Kwa hiyo siku fundi anakuja mwambie mapema kabla hajatoboa, kaka naomba waya ufike koridoni, maana akishakata na kuunga kumrudisha ni shughuli. Waya wa faiba usikunjwe kona kali, ndani mle kuna kioo, ukiubana sana mwanga haupiti vizuri. Ruta ikae mbali na friji, na kioo kikubwa cha kujitazamia, na tenki la maji, vitu vya chuma na maji ni maadui wakubwa. Na microwave pia, ile ikiwaka inatumia mawimbi ya eneo lile lile la 2.4 GHz, kama umewahi kujiuliza kwa nini video inastaki ukipasha chakula jibu ndio hilo.

Nimetaja 2.4 basi nieleze. Ruta nyingi za sasa hivi zinatoa mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile 2.4 ni kama besi ya mziki wa kigodoro mtaa wa pili, maneno ya wimbo huyasikii ila besi inapita ukuta mpaka kitandani kwako, inafika mbali ila haina spidi. Ile 5 ina spidi sana ila ukuta mmoja wa tofali unaichosha, wa pili unaimaliza. Kwa hiyo TV, laptopu ya kazi na PlayStation zilizopo karibu na ruta ziweke kwenye 5, simu za vyumba vya mbali ziache kwenye 2.4. Taa na soketi za kuwasha kwa simu nyingi zinajua 2.4 tu, watu wanahangaika nazo jioni nzima, soketi inakataa kuunga, wanairudisha dukani wakisema mbovu, kumbe simu ilikuwa kwenye 5 GHz wakati wa kuunganisha au ruta imechanganya zote mbili kwa jina moja. Ingia kwenye setingi, zitenganishe majina kwa muda, unga kifaa, basi.

Ukiwa unakaa kwenye nyumba za kupangisha zilizobanana, Sinza huko au Kijitonyama, fungua simu uone majina ya waifai yanayotokea, utakuta yamejaa mpaka unashangaa. Yote yanagombania chaneli chache, yaani njia za mawimbi. Kwenye 2.4 chaneli ambazo hazigongani ni 1, 6 na 11, pakua apu ya bure ya kuchungulia waifai, angalia ipi ina watu wachache, hamia hapo. Upana wa chaneli uache MHz 20, ukiweka 40 mtaani kwenye fujo namna hiyo unajitafutia kelele zaidi.

Kwa wanaotumia ruta za laini, hizi za 4G na 5G, mambo ni tofauti kidogo, hapo unatafuta mnara kwanza ndio utafute vyumba. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1, tafuta palipoandikwa RSRP, hiyo ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Namba ina alama ya kutoa, ikiwa kwenye -80 na kitu uko vizuri, ikishuka -110 unaomba Mungu. Zunguka nayo dirisha kwa dirisha, ukihama subiri kidogo itulie halafu soma tena, utashangaa dirisha la jikoni linaipiga bao sebule kwa mbali. Nyumba ya ghorofa weka juu.

Sasa kuna nyumba ambazo hata ruta ikae katikati bado haitoshi, banda la uani, ghorofa lenye zege nene. Hapo watu wanakimbilia ripita za kuchomeka ukutani. Sizipendi sana, zile za bei rahisi zinapokea na kurusha kwenye mawimbi yale yale kwa hiyo spidi inakatika karibu nusu, halafu mtu anaichomeka kwenye chumba ambacho mtandao haufiki kabisa, sasa irushe nini? Kama huna namna iweke katikati ya njia. Ila kama unaweza, vuta waya wa LAN juu ya dari mpaka huko, na mwisho wa waya weka ruta yako ya zamani, ile ambayo iko kwenye droo. Unaingia kwenye setingi zake, unaipa anwani tofauti na ya ruta kubwa, mfano 192.168.1.2 kama kubwa ni 192.168.1.1, unazima DHCP (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, hiyo iachie ruta kubwa), halafu waya unauchomeka kwenye tundu la LAN usiuchomeke kwenye WAN, lile tundu la kupokea intaneti kutoka nje. Imeisha. Jina na pasiwedi unaweza kuweka sawa na za ruta kubwa, simu itahama yenyewe ukitembea, japo simu zingine zina uvivu wa kuhama.

Ukienda Kariakoo kununua huo waya uliza kama ni shaba tupu, kuna ule wa CCA ambao ndani ni aluminiamu imepakwa shaba, ni rahisi zaidi lakini kwa masafa marefu unasumbua. Na fundi akikufungia vichwa hakikisha kafunga nyuzi zote 8, wengine wanafunga 4 tu, waya unafanya kazi ila hautavuka Mbps 100 hata ukalie.

Haya, tuje kwa wala bando, hapa ndipo pesa inapokwenda. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inakula mpaka GB 3 kwa saa na ya 4K mpaka GB 7, sasa nyumba ina watoto wawili wa likizo na TV inawaka kuanzia chai ya asubuhi, piga hesabu. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kikomo, ukifika GB fulani wanakushusha spidi mpaka mwisho wa mwezi, soma maandishi madogo au uliza kabisa kabla hujalipa. Kwenye Netflix ingia kwenye akaunti, chagua wasifu wa watoto, weka matumizi ya kati, hiyo ni kama GB 0.7 kwa saa, katuni haijali. YouTube shusha mpaka 480p kwenye simu, kioo kidogo hivyo 1080 ya nini. Laptopu ya Windows iambie hii netiweki ina mita, ile setingi ya metered, itapunguza kupakua apdeti kubwa bila kukuuliza, halafu tafuta Delivery Optimization uzime kipengele cha kugawana na kompyuta zingine za intaneti, hicho kinaweza kurusha apdeti kwa watu usiowajua kwa bando lako. WhatsApp nayo, yale magrupu ya harusi na ya ukoo, zima video kujipakua zenyewe.

Kuna kitu kingine watu hawakigusi kabisa nacho ni kuaplodi. Unaweza kuwa na spidi nzuri ya kushusha na bado kila kitu kinakwama, kikao cha Zoom sauti inakatika katika, ukija kuangalia simu ya mtu imerudi na picha 600 za sendofu na Google Photos inazipandisha zote kwa mpigo, au kamera za nje zinatuma video kwenye klaudi muda wote. Hata kufungua ukurasa tu kifaa chako lazima kitume maombi na majibu kwenda nje, njia ya kutoka ikijaa na ya kuingia inasimama. Hasa kwenye ruta za laini ambako kuaplodi huwa kunakuwa kudogo. Picha zipange zipande usiku, kamera ziweke kadi ya kumbukumbu zirekodi humo, zitume pale tu zinapoona mtu.

Kubadilisha DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 fanya ukitaka, kurasa zinaweza kuanza kufunguka mapema kidogo ila Mbps 20 zitabaki 20. Hizi apu zinazodai kuongeza spidi ya intaneti futa, matangazo yake tu yanakula bando.

Usalama nao uguse, hata kama unajiona huna cha kuibiwa. Pasiwedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ile admin admin, badilisha leo. Zima WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika pasiwedi. Na mkumbuke msimbo wa QR wa waifai mtoto akimtumia rafiki yake skrinishoti kashampa pasiwedi, wiki ijayo mtaa mzima uko humo. Wageni wape netiweki ya wageni, karibu kila ruta inayo, na kamera na soketi zako pia ziweke huko huko mbali na laptopu yenye mambo ya benki, ila jaribu kwanza kama bado unaziona kwenye simu. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliteka kamera na rekoda za CCTV kwa maelfu kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani, kikazitumia kuangusha huduma kubwa za Marekani, Twitter na Netflix zikiwemo, wenye kamera wala hawana habari. Kamera isiyokuruhusu kubadilisha pasiwedi usiinunue.

Mwisho umeme. Ukikatika unakatika na intaneti, wakati huo faiba kule nje mara nyingi bado iko hai, kinachokosekana ni umeme wa kifaa chako tu. Kuna UPS ndogo za DC, yaani betri za akiba, zinazokaa kati ya adapta na ruta, kabla ya kununua geuza adapta usome, wengi ni volti 12 ila ziko za 9, ukikosea volti unaweza kuunguza ruta. Usidanganyike na mAh za kwenye boksi, zile ni za betri ya volti 3.7, yaani 10,000 mAh ni kama Wh 37 (Wh ni wati kwa saa ulizonazo), ruta inayokula wati 10 itakwenda saa 3 hivi, ikiwa namba yenyewe ni ya kweli. Na kama faiba yako ina vifaa viwili, kile cha kampuni na ruta yako, vyote viwili viwe kwenye UPS, nimeshaitwa kwa watu, naangalia taa, ruta inawaka vizuri na waifai imejaa ila hakuna kinachofunguka, kumbe kile kiboksi cha pili kimechomekwa ukutani na umeme haupo.