Mama alipona nimonia, miguu ikabaki wodini

Mama aliingia hospitali akitembea. Siku tisa baadaye nimonia imekwisha, tumeruhusiwa, na mama hawezi kuinuka aende chooni. Ana miaka 78. Wiki moja kabla ya kuingia hospitali alikuwa anafagia uwanja mwenyewe huku akigombana na kuku.

Tuliomlaza kitandani muda wote ni sisi. "Pumzika, mama," kila aliyekuja kumwona wimbo ulikuwa huo huo. Uji alinyweshwa akiwa amejilaza. Mpira wa mkojo aliowekewa siku ya kwanza, hakuna aliyeuliza utatolewa lini. Nami nikajiona mtoto mwema!

Baadaye nikasoma utafiti wa Marekani wa mwaka 2007: wazee wenye afya zao walikaa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na homa wala maambukizi, mambo ambayo nayo huila misuli.

Kilichonidanganya ni mapaja yake, hayakuwa yamekonda sana. Kumbe msuli wa mzee unaweza kuingiwa na mafuta katikati ya nyuzi zake. Unene upo, nguvu haimo. Kwa hiyo usipime kwa macho. Kama anaweza kusimama salama, akunje mikono kifuani, ainuke kitini na kukaa mara 5, nawe ukiwa karibu. Zikizidi sekunde 15, mwambie daktari.

Mwaka huu amelazwa tena. Safari hii nilianza kwa kumuuliza daktari: anaruhusiwa kushuka kitandani? Akasema ndiyo. Basi kula ni kwa kuketi kitini, na asubuhi na jioni tunakwenda hadi dirishani, mimi nimeshika stendi ya dripu. Mpira niliuulizia kila siku mpaka nesi akanichoka, ukatolewa. Nilimletea viatu vya kufunga na miwani yake, maana mzee asiyeona vizuri hathubutu kutembea.

Chakula nacho. Mzee mgonjwa hushauriwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kama figo zina tatizo. Mama ana kilo 55, yaani gramu 66 hivi kwa uchache. Uji mtupu haufiki huko. Nikaleta mayai, dagaa, maharage, maziwa.

Siku ya nne nilikuta kitanda kitupu, moyo ukanipasuka. Mgonjwa wa jirani akacheka: "Kaenda chooni. Kasema usimfuate."