"Haichaji": kwa sasa, au haichaji kabisa?

SWALI: Ninatafsiri ujumbe wa draiva ya betri ya kompyuta, yaani programu inayosimamia betri hiyo. Awali ilitoa hali mbili tu, "inachaji" na "haichaji". Sasa imeboreshwa: inatofautisha betri inayotumika bila waya na ile iliyochomekwa kwenye umeme lakini haiingizi chaji. Je, "haichaji" inafaa kwa hiyo ya pili?

JIBU: Haifai, na tatizo liko kwenye ukanushi. Katika uyakinishi tunatenganisha "inachaji", yaani sasa hivi, na "huchaji", yaani kwa kawaida. Ukikanusha, tofauti hiyo inapotea: zote mbili zinakuwa "haichaji". Ndiyo maana ukimwambia fundi "betri haichaji", anaelewa kuwa imeharibika.

Draiva yako haisemi hivyo. Huenda betri ni nzima, ila imewekewa kikomo, tuseme asilimia 80, ili isichakae mapema. Pengine imepata joto, ikazuiwa kuchaji hadi ipoe. Mtumiaji akisoma "haichaji" atabadilisha waya, kisha chaja, kisha atanunua betri asiyoihitaji. Naliona hili ni kosa la tafsiri, si la mtumiaji.

Kama draiva inajua kwamba kikomo kimefikiwa, andika "Imechomekwa, chaji imesitishwa". Kitenzi "sitisha" kinabeba kusudi: kuna kilichozuia. Kama haijui sababu, usiisemee. Andika "Imechomekwa, haipokei chaji kwa sasa". Maneno "kwa sasa" yanarudisha ule wakati uliomezwa na ukanushi, kwa hiyo usiyafute hata nafasi ikiwa finyu.

Hali nyingine hazina ugumu mkubwa. Kiini (kernel) cha mfumo wa uendeshaji wa Linux, kwa mfano, kina hali tano za msingi: pamoja na mbili ulizotofautisha, ya kutumika bila waya na ya kuchomekwa bila kuingiza chaji, ipo ya kuchaji, ya kujaa na isiyojulikana. Betri iliyofika mwisho "imejaa". "Inajaa" ni ile ambayo bado inaendelea. Isiyo na waya "inatumika". Wapo wanaopenda "inaisha", lakini hiyo humshtua mtu mwenye asilimia 95. Na draiva isipopata taarifa yoyote, andika "Hali haijulikani", wala usiifiche ndani ya "haichaji".

Kuhusu "inachaji" na "inachajiwa", zote zinaeleweka. Mimi ningechagua "inachajiwa", kwa sababu kompyuta nayo huchaji simu, na hapo "inachaji" ingeweza kumaanisha kinyume kabisa.