Mdomo umekwenda upande: maswali yenu kuhusu kiharusi

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu presha. Barua nyingi zilizokuja, za Unguja na za Pemba, zimeishia kwenye kiharusi. Tumechagua sita. Majina tumeyahifadhi.

SWALI: Assalamu alaykum. Babu yetu ana miaka 67. Alipoamka kwa sala ya alfajiri mdomo ulikuwa umekwenda upande, na kopo la kutilia udhu likamponyoka mkono wa kulia. Majirani wakasema kapitiwa na upepo, tukamsomea na kumnywesha kombe. Ilipofika saa tatu asubuhi alikuwa mzima, akala na muhogo. Ipo haja ya kumvusha bahari kumpeleka hospitali? — Mjukuu, Tumbatu

Waalaykum salaam. Ipo, na ni leo hii, hata kama sasa anacheza bao barazani.

Kilichompata babu kina kila dalili ya kiharusi cha kupita: bonge dogo la damu huziba mshipa wa ubongo, kisha likayeyuka lenyewe. Mara nyingi huisha ndani ya dakika chache au saa moja hivi, ndiyo maana watu humshukuru Mungu wakarudi kulala. Lakini chanzo chake bado kipo mwilini, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku 2 za mwanzo. Vukeni Mkokotoni muende hospitali ya Kivunge. Daktari ataona mzee anayetembea vizuri, kwa hiyo mwelezeni wazi: mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, ulianza saa ngapi na uliisha saa ngapi. Atapimwa presha, sukari na mapigo ya moyo. Moyo unaodunda bila mpangilio huacha damu ituame ndani yake na kuganda, na bonge hilo ndilo hupanda kichwani. Hilo lina dawa yake mahsusi.

Sasa kombe. Hatuna ugomvi nalo wala na kisomo. Tatizo ni kumeza. Kiharusi kinapolegeza mkono na uso, aghlabu hulegeza na koo. Maji hupita njia ya mapafu, na mgonjwa anaweza hata asikohoe. Siku mbili tatu baadaye anaweza kupata homa ya mapafu, nayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya kiharusi. Kwa hiyo mdomoni kisipite kitu, si maji, si kahawa ya tangawizi, si asali, si kidonge, mpaka hospitali ipime kama anameza salama. Msomeeni njiani, na kombe likae kwenye chupa lisubiri.

Mkimshuku mtu tena, fanyeni majaribio matatu yasiyozidi dakika moja. Mwambieni acheke aonyeshe meno: je, upande mmoja wa mdomo umebaki nyuma? Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, nanyi mhesabu mpaka kumi: je, mmoja unashuka au kiganja kinageuka chini? Aseme methali anayoijua tangu utotoni, tuseme "chanda chema huvikwa pete": je, anakokota maneno, anayachanganya, au hakuelewi unachomwambia? Jibu moja tu likiwa ndiyo, na limeanza ghafla, ondokeni. Zipo dalili nyingine zinazokuja ghafla vilevile: jicho moja kuingia giza, kuona vitu viwili viwili, kuyumba kama yuko ngalawani, au kichwa kuuma kwa kishindo ambacho hajapata kukijua.

Mdomo kwenda upande peke yake wakati mwingine ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso. Hapo aghlabu jicho la upande huo halifumbi na paji la uso halikunji. Mwachieni daktari aamue. Nyumbani chukulieni ni kiharusi.

Jambo la mwisho ni wakati. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale ilipo, hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu, na ni lazima kwanza picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, ionyeshe kwamba si damu iliyovuja. Masaa hayo huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyeamka na mdomo umepinda huhesabiwa tangu alipolala, au tangu alipoamka usiku kwenda msalani akiwa mzima. Liandikeni saa hilo kwenye karatasi. Na hata pasipo dawa hiyo, kufika mapema kunaokoa, kwa sababu sukari, presha na kumeza kwake vitaangaliwa kabla havijaharibika. Ndani ya mashua mlazeni ubavu, hasa kama anatapika au ana usingizi mzito. Na mtafuteni leo mwenye mashua wa kuvuka usiku, si siku ya shida.

SWALI: Nilipimwa presha 168/102 nikapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipokwisha nikapima, ikawa 128/80, nikaacha. Kichwa hakiniumi wala shingo. Shoga yangu ananiambia nikizizoea dawa nitakuwa mtumwa wake. Kweli? — Mama wa watoto wanne, Kiembesamaki

Mama, hiyo 128/80 ni ya dawa. Umeacha kidonge, na presha itarudi ilikokuwa, pengine ndani ya siku chache, nawe hutaihisi. Presha haina tabia ya kubisha hodi. Kichwa kinaweza kuuma kwa jua la Darajani huku presha ikiwa 120, na kikatulia kabisa ikiwa 190. Anayekunywa dawa siku kichwa kinapouma tu ni sawa na asiyekunywa.

Nayo presha ndiyo inayosababisha viharusi kuliko kitu kingine chochote kinachorekebishika. Mishipa myembamba ya ubongo inayosukumwa kwa nguvu miaka nenda miaka rudi hukakamaa ikaziba, au hupasuka. Kuishusha namba ya juu kwa 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban robo. Wengi hulengewa kuwa chini ya 130/80. Daktari atakuambia ya kwako.

Kama kuna dawa iliyokukera, sema, ibadilishwe. Amlodipini huvimbisha miguu baadhi ya watu. Enalaprili na lisinoprili huleta kikohozi kikavu kisichoisha, na mjamzito hatumii hizo. Dawa ya mkojo inakuamsha usiku kwa sababu umeimeza jioni. Yote yana njia. Kitu kingine kinachopandisha presha kimyakimya ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki, vinavyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya magoti na kumezwa miezi.

Ukipima nyumbani, tumia mashine ya mkono wa juu. Ile ya kifundo cha mkono hudanganya kwa urahisi. Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara. Kaa dakika 5 mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu usiikunje nne. Mkono ulale mezani usawa wa moyo, kitambaa kifungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa baibui. Usizungumze. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Tupa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Kwa nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha. Kosa tunaloliona zaidi ni kitambaa kidogo kwenye mkono mnene: hutoa namba kubwa ya uongo, mtu akaongezewa dawa asiyoihitaji.

Ikifika 180/120 bila dalili yoyote, tulia dakika 5, pima tena, na ikibaki hapo mwone daktari siku hiyo. Ikiwa na dalili, ni hospitali mara moja. Wala usimeze vidonge viwili kwa pamoja kuishusha. Presha ikianguka ghafla wakati ubongo tayari umekosa damu, sehemu iliyokuwa bado inaokoleka nayo hufa.

SWALI: Mimi ni muuza urojo. Nasikia chumvi iliyopikwa haina madhara, mbaya ni mbichi ya kunyunyizia. Na je, chumvi ya Pemba ya maji ya bahari si bora kuliko ya paketi? — Michenzani

Moto hauitoi sodiamu kwenye chumvi, na bahari haibadilishi sodiamu ikawa kitu kingine. Iliyochemka kwenye mchuzi, iliyonyunyiziwa kwenye chipsi za muhogo, ya Pemba, ya paketi, zote huvuta maji kwenye damu na kupandisha presha sawasawa. Tofauti moja yenye maana ni madini joto: nunua yenye nayo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa kila kitu alichokula. Hakuna anayepima kijiko kila siku, kwa hiyo pima paketi. Nyumba ya watu wazima sita inayofuata kipimo hicho, paketi ya nusu kilo inakaa siku 16 au 17. Na boflo, achari, ng'onda na vidonge vya supu vina chumvi yao tayari, hivyo paketi ingefaa ikae zaidi ya hapo. Kama kwenu inaisha kwa siku 8, mshajua.

Kidonge cha supu, takriban nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukikitia, chumvi ya mkono usitie. Papa na ng'onda walowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, na mchuzi wake upikwe bila chumvi nyingine. Kwa urojo wako bahati ni yako: ukali wa embe bichi na ndimu ndio ladha yake. Punguza chumvi kwenye rojo lenyewe kwa robo wiki hii na robo nyingine mwezi ujao, maana bajia, kachori na chatini zina yao. Ulimi huzoea kwa wiki chache, na wateja hawatatambua. Thomu, tangawizi, ukwaju na pilipili hazina kosa. Mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi na kutoa moshi mapema, yamwage, hata kama roho inauma.

SWALI: Kwenye simu tunatumiwa ujumbe: mtu akipata kiharusi mtoboe ncha za vidole kumi kwa sindano damu itoke. Wengine wanasema asprini. Kipi sahihi? — Dereva wa daladala, Chake Chake

Hakuna. Tone la damu kidoleni halifungui mshipa wa kichwani. Linakupotezea dakika kumi, moja kwa kila kidole. Asprini ni dawa nzuri ya kiharusi cha kuziba na ni hatari kwa cha kuvuja damu, na kwa macho hakuna anayeweza kuvitofautisha, hata daktari bingwa. Ndiyo maana husubiri CT. Wewe mwenye gari una kazi kubwa kuliko sindano: ulizia sasa hospitali ipi Pemba ina CT inayofanya kazi wiki hii, uiweke akilini.

SWALI: Nafunga Ramadhani na natumia dawa tatu za presha, moja mara tatu kwa siku. Nifanyeje? — Ami wa Wete

Ami, nenda kwa daktari katikati ya Shaabani, si mwezi ukiandama. Ya mara tatu huweza kubadilishwa kwa ya kumeza mara moja, nayo huingia baada ya kufuturu au wakati wa daku, saa ileile kila siku. Dawa ya mkojo huwekwa baada ya kufuturu. Ukiimeza daku utakojoa asubuhi nzima na kukauka, na damu nzito si rafiki wa mshipa. Maji yanywe kidogo kidogo tangu magharibi mpaka daku, si jagi zima adhana ikikaribia. Pima presha kila siku wiki ya kwanza. Aliyepata kiharusi au dalili za kupita miezi ya karibuni asianze kufunga kabla ya kuzungumza na daktari wake. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya dini yenyewe.

SWALI: Binti yangu wa miaka 7 ana selimundu. Tangu jana anaburuta mguu wa kushoto na kalamu inamponyoka. Mwalimu wa skuli kasema mvivu. Ni maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake? — Mkoani

Mama, usimalizie kusoma ukurasa huu, mpeleke hospitali ya Abdalla Mzee sasa. Selimundu ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi kwa watoto. Seli zilizopinda huziba na kuharibu mishipa ya ubongo. Maumivu ya selimundu humfanya mtoto alie akiguswa. Mguu unaoburuzwa na kalamu inayoponyoka bila maumivu ni jambo jingine. Waambie mapokezi maneno mawili, "selimundu" na "kiharusi", asikae foleni. Nenda na kadi yake, na jina la kundi lake la damu kama unalijua, maana huenda akahitaji kuongezwa damu leo. Akitulia, uliza kuhusu haidroksiyurea, dawa ya selimundu, na kipimo cha kasi ya damu kichwani.