Mdogo wangu alipigwa miaka 30, leo yuko nyumbani: niliyojifunza kuhusu rufaa

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji ndefu kweli, kaka yake kahukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na anauliza aanze kumwandikia nani barua, Rais au Waziri. Dada yangu hujafika huko bado. Kabla hujamwandikia mtu yeyote uliza swali moja tu, notisi imeshawekwa? Nakujibu hapa hapa maana meseji za namna hii nazipata nyingi na siwezi kumjibu kila mtu kivyake.

Kwa Tanzania kesi ikiwa imeamuliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, unatakiwa utoe notisi kwamba una nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 toka hukumu. Siku 10 tu. Alafu rufaa yenyewe na sababu zake inaingia Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ila muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi. Kama kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo hiyo ni njia nyingine, unaenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Na ukishindwa Mahakama Kuu ukataka kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30. Watu wengi siku hizo 10 zinaishia kwenye kulia na kutafuta nani kawaroga, mfungwa naye ndo kwanza kapelekwa gereza jipya hajui hata choo kiko wapi. Ukichelewa sio mwisho, unaomba Mahakama Kuu iongeze muda kwa kiapo kinachoeleza sababu, na mfungwa kueleweka inawezekana sababu yeye hatembei, karatasi zake zote zinapita kwa mkuu wa gereza. Ila kwa nini uanze kwa kuomba?

Sasa mimi sio mwanasheria, nianze na hilo. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia fomu foo, na sehemu kubwa ya rufaa ya mdogo wangu niliisimamia mimi huku nashona sare za shule. Nasema kwa kujivuna na nina haki ya kujivuna, maana kwenye grupu la familia lenye watu kibao waliosoma niliambiwa "tumwachie Mungu". Mungu tulimwachia, ila mwenendo niliufuata mimi.

Mdogo wangu alikua anaendesha bodaboda. Duka la mtaani likavamiwa usiku, mwenye duka akakatwa panga mkononi, siku kadhaa baadae polisi wakaja kumchukua dogo. Kesi ikaenda hana wakili, anasimama mwenyewe. Nafupisha hapo katikati, ilikua kuahirishwa na kuahirishwa. Mwisho hakimu akamtia hatiani, na kwa kosa hilo sheria imeweka miaka 30 kama kima cha chini kwa hiyo hata hakimu akikuonea huruma hawezi kushuka.

Sasa sikilizeni hapa ndo penyewe. Kila mtu aliyeenda kumuona gerezani alikua anarudi na kitu kimoja, "anasema hajafanya". Mimi pia najua hajafanya! Ila jaji wa rufaa hakuwepo dukani na hatakuja kumuangalia mdogo wako usoni ajue ana roho nzuri. Jaji anasoma makaratasi. Rufaa ya kwanza ni kama kusikilizwa upya kwa maana kwamba jaji anaupima ushahidi wote tena na anaweza kufikia uamuzi wake mwenyewe, lakini anaupima kutoka kwenye mwenendo, yale aliyoandika hakimu shahidi akiwa anaongea. Kwa hiyo kitu cha kwanza, cha pili na cha tatu ni kupata nakala ya mwenendo. Omba kwa barua, baki na kopi iliyogongwa muhuri, mfuate karani kila ukipata nauli, salimia vizuri, rudi tena.

Wa kwetu ulikuja kwa Kiingereza japo mashahidi wote waliongea Kiswahili. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ila sisi kesi yetu ilikua ya nyuma. Nikamuomba mwalimu mmoja jirani tukakaa barazani kwangu jioni, yeye anasoma mimi naandika kwenye kaunta buku, karatasi moja baada ya nyingine.

Shahidi wa kwanza, mwenye duka, anasema niliwatambua kwa sababu taa ya sola ilikua inawaka. Basi. Taa ya ukubwa gani, imening'inia wapi, walisimama umbali gani, tukio lilichukua muda gani, hamna. Tukaendelea mpaka pale anapohojiwa na mshtakiwa. Mdogo wangu aliuliza maswali matatu tu, mawili hayana maana kabisa (moja alimuuliza kama anamcha Mungu). La tatu ndo lilimtoa jela. Aliuliza, usiku ule majirani walipokuja uliwaambia ni mimi? Na jibu limeandikwa: sikumwambia mtu, nilimtaja polisi siku ya tatu. Mwalimu akasoma tena taratibu. Huyu mzee alikua anamuuzia dogo mkate kila asubuhi! Anamjua kwa jina, anajua mpaka mama yetu. Kwa hiyo mtu unayemjua hivyo akukate panga, majirani wajae dukani, balozi wa nyumba kumi aje, na usiseme ni fulani? Afu balozi mwenyewe alikua shahidi wa tatu na alisema wazi aliambiwa wezi hawajulikani. Yote hayo yamo kwenye mwenendo, kwenye hukumu hayajaguswa hata kwa mstari mmoja.

Sikujua kama nina kitu mikononi mpaka nilipofika kwa wakili wa msaada wa kisheria. Aliisoma akaniambia mambo haya yana kesi zake. Ya utambuzi wa usiku inaitwa Waziri Amani, ya 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa wote, na ndo wanaangalia mwanga, umbali, muda, na kama shahidi alikua anamjua mtu kabla. Ya pili ni Marwa Wangiti ya 2002, kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndo kunampa uaminifu, na akichelewa au akishindwa kabisa mahakama inatakiwa ijiulize. Kesi hizi zipo TanzLII, mtandao wa hukumu za mahakama, bure kabisa, fungua hata kwa simu.

Sababu za rufaa tulizopeleka mwanzo zilikua zimeandikwa na mfungwa mwenzake, mzee wa siku nyingi humo ndani ambaye anawaandikia wote. Nyingi zilikua za kulalamika tu lakini ya utambuzi ilikuwemo. Wakili akaongeza nyingine kwa ruhusa ya mahakama. Na weka zote mapema, sababu hoja ambayo hukuileta Mahakama Kuu, ukienda nayo Rufani hawaisikilizi isipokua iwe ya kisheria.

Siku ya kusikilizwa nilijiandaa kwa vita. Wakili wa Serikali akasimama akasema Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inaunga mkono rufaa. Nikamgeukia mwalimu nikamuuliza amesemaje huyu? Hukumu ilipokuja kusomwa jaji alifuta hatia na adhabu, akasema aachiwe huru mara moja labda kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali, na mama aliposikia "labda" akaanza kulia upya akijua kuna kesi nyingine tumefichwa. Jamani hayo ni maneno ya kawaida, yanaandikwa kwa kila mtu. Waandaeni wazazi.

Ila sitaki mtu aseme nimemdanganya. Rufaa inaweza kukurudisha nyuma. Ukionyesha kwamba kesi iliendeshwa ovyo, mahakama inaweza kuamuru isikilizwe upya, japo toka Fatehali Manji ya 1966 msimamo ni kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Na kama ulipewa adhabu ndogo kuliko kima cha chini, Mahakama Kuu inaweza kuipandisha. Muulize mtu anayejua kabla ya kukata.

Na hii ya kumwandikia Rais, najua mnamkumbuka Babu Seya na Papii Kocha, wale wanamuziki baba na mwanae. Wale walitoka kwa msamaha Desemba 2017, hawakutoka kwa rufaa. Kwenye rufaa ya 2010 waliachiwa watoto wengine wawili wa Babu Seya tu, baba na Papii wakabaki. Msamaha ni huruma ya Rais, haina maana mahakama imekubali ilikosea. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha nayo mwananchi wa Tanzania hawezi tena kwenda moja kwa moja, serikali ilijitoa Novemba 2019 kwenye tamko lililokua linaruhusu hilo. Kwa hiyo nguvu zako ziweke Mahakama Kuu. Fidia? Haiji yenyewe. Utafungua kesi ya madai uthibitishe ulishtakiwa kwa nia mbaya, na kushinda rufaa peke yake hakuthibitishi hilo. Sisi tumeacha.

Ndugu zangu, mtu akifungwa msimkimbie. Wale wa "tumwachie Mungu" siku ya kutoka walikuja wote wakala pilau na kupiga picha na dogo, mpaka leo nikiziona zile picha roho inaniuma. Kama huna hela peleka sabuni, kama huna nauli mfuatilie karani kwa niaba ya mwenye nauli. Fuatilieni mwenendo! Nalirudia mtachoka nyie.

Na mwisho vishoka. Baba mdogo alichukua hela ya mchango akampa jamaa mmoja mwenye suti aliyekua anakaa nje ya mahakama, akaambiwa ni ya kufungulia faili la rufaa na "kuongea na wakubwa". Hela ikaondoka na suti yake. Wakili wa kweli jina lake utalikuta kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, na kama huna uwezo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hata hakimu au jaji anaweza kuelekeza mshtakiwa apewe wakili, omba kwa mdomo ukiwa umesimama pale kizimbani. Mtu akikwambia ulipie kitu mahakamani mwombe kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, uone atakavyokumbuka ghafla ana kikao.