Si kila kidudu cheusi ni ruhuka

Barua za wakulima msimu huu zimejaa wadudu, na wengi wanamtaja ruhuka, yule mtoboa matunda ya kahawa. Nyingine zimekuja na wadudu wenyewe, wamebandikwa kwenye selotepu hadi wamekuwa unga. Hao siwezi kuwajibia.

Shikamoo mzee. Nimekutumia picha ya mdudu mweusi kwenye kahawa. Ni ruhuka? (Mbinga)

Marahaba. Sijui. Picha inaonyesha kidole chako na doa. Hii ni ya kumi na moja mwezi huu.

Nitamtambuaje mwenyewe bila kusubiri bwana shamba? (Mbozi)

Angalau mmoja ameuliza la maana. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 20, kaa kwenye mwanga, mlaze mdudu ubavu.

Ukimtazama kwa juu, kichwa hukioni. Kimefichwa chini ya kifua. Ukingo wa mbele wa kifua una meno madogo, kwa ruhuka mara nyingi manne hadi sita, na nyuma ya meno hayo kuna vichongo vingi vinavyokwaruza kama tupa. Papasi, zile pembe za kupapasia kichwani, ni fupi, zina kiwiko, na ncha yake imevimba kama rungu. Sasa tazama mabawa magumu: mistari ya vinywele vilivyosimama wima, na mwisho wa mwili unateremka kwa mviringo, hauna miiba, haujakatwa.

Ukiyaona yote hayo umefika kwenye jenasi Hypothenemus. Umefika kwenye jenasi tu, usikimbilie dukani! Ina spishi zaidi ya 170, na nyingi zinajiishia kwenye vijiti vikavu wala hazina habari na kahawa yako. Ruhuka, yaani Hypothenemus hampei, ana vinywele vyembamba na virefu. Binamu yake H. obscurus, msumbufu wa makadamia, vyake ni vifupi na vipana kama magamba. Huko Hawaii wapo wote wawili, na kwa macho matupu hakuna anayewatenganisha.

Rangi isahau. Aliyekomaa jana ni kahawia, baadaye huyo huyo anakuwa mweusi. Nimechoka kusoma "mdudu mweusi mdogo" kana kwamba ni anwani.

Kitabu cha marehemu baba kinamwita Stephanoderes. Ni mwingine? (Moshi)

Ni huyo huyo, jina la zamani. Kitunze kitabu, ila ukurasa wa dawa usiufuate.

Wametoboa matawi ya robusta yetu na majani yananyauka. Dawa ya ruhuka ni ipi? (Karagwe)

Mmeshampa jina kabla ya kumwona. Ruhuka anaingia kwenye tunda, na kwa kawaida anatobolea kitovuni. Tundu dogo upande wa chini wa tawi, kisha tawi kukauka kutoka hapo hadi nchani, ni kazi ya Xylosandrus compactus. Urefu wake unakaribiana na wa ruhuka, kwa hiyo rula haikusaidii. Lakini amejaa zaidi na anang'aa. Pasua tawi utaona ukungu mweupe: ameupanda mwenyewe, ndicho chakula cha watoto wake. Kata chini ya tundu, choma siku hiyo hiyo. Ukiyarundika matawi pembeni ya shamba umewahamisha tu.

Ruhuka ameingia kwenye mahindi ghalani! (Babati)

Huyo ni dumuzi, wengine humwita Skania. Naye kichwa kimeinama na kifua kina vichongo, kosa lako naliona. Lakini ana milimita tatu hadi nne, na kisogo cha mwili kimekatwa kama gogo la msumeno. Ruhuka hana shida na ugali wako.

Mtego wangu wa chupa yenye alkoholi umenasa wadudu karibu 300. Nifyeke mibuni? (Mbinga)

Weka panga chini. Harufu ya alkoholi huvuta ukoo mzima wa watoboa miti, maana mti unaokufa nao hutoa harufu hiyo. Wachambue kwanza. Walio ruhuka kweli wote watakuwa majike. Dume ni kibete asiyeweza kuruka, anazaliwa na kufia ndani ya tunda. Na kama umechanganya methanoli, usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda. Inapofusha na inaua, na watoto hawasomi lebo.

Dawa kali kuliko zote ni ipi? (wengi mno)

Panya na kikapu. Okota matunda yaliyoanguka, chuma yaliyobaki mtini baada ya mavuno. Humo ndimo anamosubiri msimu. Akishaingia ndani ya buni dawa haimfikii. Na anayekuuzia endosulfani chini ya meza anakuuzia sumu iliyoingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani.

Nilisema panya? Nilimaanisha panga la kupogolea. Macho ya uzee.

Ukitumiwa mdudu vizuri, utamtaja? (Tarime)

Nitamtaja. Kichupa chenye spiriti ya asilimia 70, wadudu watano au zaidi, na karatasi ya penseli: tunda au tawi, mwinuko, tarehe. Wino unayeyuka.